Ukuta wa Likasi na mashini ya maji

Bandugu, mbele ya kuosha ukuta wa zamani wa Likasi, tujue kwanza umri wake. Mpaka 1966 muji yetu iliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mmoja wa waanzilishi wa Union Minière (1906). Kampani ilijengea watu wake manyumba ya matofali ya kuchoma. Kuanzia 1967 mali yake ikaingia mikononi mwa serikali; wazee wetu wakaishi humo.

Tofali la kuchoma liko na ngozi ngumu. Mashini ya maji ya nguvu nyingi ikiitoboa, mvua inaingia ndani, tofali linamomonyoka. Vumbi jekundu linatoka kwa brosi laini, sabuni na subira. Uchafu unaweza kungoja. Ngozi ya tofali hairudi.