Kabla ya Kuomba Viza, Uliza kwa Nini Hospitali Yetu Inaitwa Russia

Ukimwambia mtu wa boda "nipeleke Russia" hapa Kisumu, hakuulizi kama uko na pasipoti. Anakupeleka hospitali. Jina lake rasmi ni Jaramogi Oginga Odinga, lakini mtaani bado ni Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Nyuma ya hilo jina kuna vijana wa rika letu waliotaka kusoma ng'ambo na wakanyimwa karatasi.

Wengi tunajua upande mmoja wa hii stori, ule wa ndege za Tom Mboya. Na ni stori kali, sikatai. Miaka ya 1950, Mwafrika aliyetaka digrii alikuwa na Makerere, ama Uingereza kama ana bahati, na nafasi zilikuwa za kuhesabu. Marekani vyuo vilikuwa tayari kuwachukua, lakini nauli iliwashinda. Mboya, mtu wa Rusinga, akaenda kuwaomba Wamarekani wenyewe. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia majina yao kwenye barua ya kuchangisha pesa. Septemba 1959 wanafunzi 81 wakapanda ndege. Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na Wangari Maathai akawa mmoja wa walioenda 1960.

Sasa, kuna mtu watu hudhani alikuwa kwenye ile ndege ya kwanza: Barack Obama Mkubwa wa Kogelo. Hakuwa. Alikuwa ameacha shule ya Maseno bila kumaliza (mimi niliyeacha chuo hapo nilitabasamu), akasoma kwa posta, akaandikia vyuo vya Marekani barua kibao mpaka Hawaii wakamkubali. Alisaidiwa gharama na akina mama wawili Wamarekani.

Halafu kuna upande wa Russia, ambao kwangu ndio mzito zaidi. Mwaka 1960 Jaramogi alitembelea Uchina na Muungano wa Kisovieti. Serikali ya kikoloni ikamnyang'anya pasipoti. Mwaka huohuo Moscow ilifungua chuo kikuu cha wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kile kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Kwa hivyo ufadhili ulikuwepo. Chuo kilikuwepo. Lakini Mwingereza hangekupa pasipoti ya kwenda kwa Wakomunisti, hata ungepiga magoti.

Vijana wakafanyaje? Wakashika njia ya Uganda, wakapenya Sudan, wakafuata Nile mpaka Cairo. Huko kulikuwa na ofisi ya Wakenya chini ya kivuli cha Nasser, na kutoka hapo wakasukumwa mbele hadi Moscow, Prague au Ujerumani Mashariki. Fikiria unatoka nyumbani na kibegi kimoja, huna pasipoti, huna simu, na mamako hajui kama uko hai. Raila mwenyewe alienda Ujerumani Mashariki mwaka 1962, akajifunza Kijerumani Leipzig kwanza, halafu uhandisi Magdeburg, akarudi 1970.

Siwaambii mpenye Sudan, tafadhali. Ninachosema ni kwamba kile kibali hakijawahi kuwa tu swali la akili yako darasani. Zamani waliuliza uko upande wa nani. Siku hizi wanauliza una pesa ngapi na kama utarudi. Kanada, kwa mfano, kuanzia Januari 2024 iliongeza pesa ya matumizi ambayo mwanafunzi alilazimika kuonyesha kutoka dola 10,000 za kwao hadi 20,635, na hapo karo na nauli bado.

Hapo ndipo ajenti huingia na "pesa ya kuonyesha": anajaza akaunti yako kwa wiki mbili halafu anaitoa, ama anakuchapishia stetimenti feki kabisa. Wazee wetu walivunja sheria ya mkoloni na jina zao zilibaki safi. Wewe ukishikwa na karatasi feki Kanada, unafungiwa miaka 5, na ajenti hata namba yake haipatikani tena.

Binamu yangu anapanda basi la usiku kwenda Nairobi wiki ijayo kupigwa alama za vidole. Stetimenti yake ni ya mamake, pesa ya omena ya Dunga, pamoja na harambee tuliyofanya mara mbili. Haijafika vile wanataka. Juzi aliniuliza Obama Mkubwa alionyesha nini. Nikamwambia alikuwa na wale akina mama wawili. Akacheka, akaniuliza kama nina namba zao.