UZI: Nani hasa alileta sola kwetu Nyansiongo?

1. Kila msimu wa siasa, hapa Nyansiongo hakukosi mtu wa kupanda jukwaani akasema, "Sisi ndio tuliwaletea mwanga." Mwingine naye anajibu kwamba sola ni ya maskini, tungojee stima. Sitaji mtu wala chama. Nataka tupitie historia tu, halafu kila mtu aamue. Twende polepole.

2. Tuanzie mbali kidogo. Aprili 1954, maabara ya Bell kule Marekani ilionyesha seli ya silikoni iliyogeuza takriban asilimia 6 ya nguvu za jua kuwa umeme. Paneli nzuri za nyumbani leo zinafika asilimia 20 na zaidi. Jua la saa sita mchana likiwa wazi, mita moja ya mraba hupokea kama wati 1,000. Kwa ufanisi wa 1954 ungepata wati 60. Leo unapata zaidi ya 200, kwa nafasi ile ile juu ya bati.

3. Kenya je? Mwaka 1984, mhandisi Mmarekani Harold Burris alifunga sola katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, upande wa Meru. Walimu wakaona taa zinawaka, wakataka za nyumbani kwao. Wakafuata wakulima wa kahawa na chai. Kumbuka hapo: ilianzia kwenye shule ya harambee, si kwenye manifesto.

4. Kwetu ilikuja na bonasi ya majani. Bonasi ikitoka, huyu ananunua ng'ombe, yule mabati, mwingine sola. Mzee wangu alinunua paneli ya wati 12 mwaka 1998. Kabla ya hapo tulikuwa tukibeba betri ya gari kwa baiskeli hadi sokoni kuichaji, ili tuone TV ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Mama aliomba taa ya jikoni. Akaambiwa angoje, TV kwanza.

5. Paneli hiyo ilikuwa ya silikoni ile nyembamba ya bei nafuu, ufanisi wake kama asilimia 5. Aina hiyo hupoteza sehemu ya nguvu zake miezi ya kwanza juani. Watafiti walipopima zilizokuwa zikiuzwa Kenya miaka hiyo, kuna zilizofanya kazi vizuri, na kuna zilizotoa wati chache mno kuliko zilizoandikwa nyuma yake. Yetu haikumaliza mwaka. TV ilizimika katikati ya taarifa ya habari. Mzee akarudi dukani, akaambiwa ni mawingu. Dada yangu alisomea KCPE kwa koroboi, na paneli iko juu ya bati.

6. Kwa hivyo mtu akisema serikali isiingilie biashara ya sola, mimi nakumbuka koroboi ile. Kanuni za kutaka mafundi na wauzaji wa sola wawe na leseni zilitoka 2012. Hiyo ni miaka 28 baada ya Karamugi. Tulioumia katikati hatukujua pa kulalamikia.

7. Mwaka huo huo wa 2012, M-KOPA ilianza kuuza sola kwa mkopo: unaweka amana, halafu unalipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa. Wakati huo bei za paneli duniani zilikuwa zimeshuka sana, viwanda vya China vikizalisha kwa wingi. Balbu za LED nazo zikafanya wati chache zitoshe nyumba nzima.

8. Sasa sehemu ambayo jukwaani hawaigusi: kodi. Sheria ya VAT ya 2013 iliweka kodi kwenye vifaa vya sola. 2014 ikaondolewa. 2020 ikarudishwa. 2021 ikaondolewa tena. Chukua seti ya shilingi 50,000: asilimia 16 ni shilingi 8,000 juu yake. Hesabu mwenyewe ni kilo ngapi za majani. Na hayo yote yalipitia bungeni, mchana kweupe.

9. Stima nayo tuipe haki yake. Mradi wa Last Mile wa 2015 ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Hilo lilisaidia watu. Sola ya wati 50 haiwezi kuendesha posho mill wala mashine ya kuchomelea. Lakini stima ikipotea usiku, jirani mwenye sola ndiye anayechaji simu za kijiji. Wengi huku wana vyote viwili, kwa hivyo ule ubishi wa "sola au stima" unatupotezea muda.

10. Ukiniuliza, kwetu wino wa asilimia za ufanisi haujawahi kuwa shida kubwa. Shida imekuwa bei, kodi, betri na uaminifu wa muuzaji. Mtu akikuahidi sola, muulize: Betri itahimili siku ngapi za mvua? Maana huku mvua ya alasiri tunaijua. Ikiharibika nani anaitengeneza? Fundi ana leseni? Na wewe ulipiga kura gani siku ya kodi?

11. Mama alipata taa yake ya jikoni 2016. Alilipa mwenyewe kwa simu, siku baada ya siku, mpaka deni likaisha. Mzee alikuwa ameshatuacha. Mtu akisimama kusema alituletea mwanga, Mama huuliza tu, "Alilipa siku gani?"

Kwenu sola ilifikaje? Andika hapa chini, tujifunze. Mwisho wa uzi.