Serengeti Ilivyoonekana kutoka Angani

Atokaye Mwanza kwenda Musoma hupita Bunda, ambako ukanda wa magharibi wa Serengeti hukaribia ziwa. Nchi hiyo ilipata jina Ulaya kwa picha za kutoka angani. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani, waliizunguka kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda, wakihesabu wanyama na kupiga filamu. Januari 1959 ndege iligongana na tai, Michael akafa. Filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Ni picha nzuri mno, na hapo ndipo penye mashaka. Mbuga, mito, makundi ya nyumbu. Binadamu ni kama mgeni asiyealikwa. Mwaka uleule wa 1959 Wamasai waliondolewa hifadhini, wakahamishiwa Ngorongoro. (Uamuzi ulikuwa wa serikali ya kikoloni, si wa kamera.) Kule Butiama, makumbusho ya Mwalimu Nyerere yamejaa picha za watu. Hifadhini, kwenye majabali ya Moru, zimebaki ngao walizozichora Wamasai kwa mikono yao. Watalii huzipiga picha.