Nani Alipiga Hiyo Ngoma?

Ukitaka kujua ngoma gani imeshika Wote wiki hii, usifungue simu. Enda stendi, tafuta duka la kujaza filamu na nyimbo, lile la spika mbili mlangoni. Mimi hulipa hamsini. Jamaa anachomeka flashi yangu, ananiuliza, "Ya Kikamba ama mchanganyiko?", na baada ya dakika kumi natoka na muziki wa mwezi mzima. Nikifika nyumbani nafungua laptopu nakuta "Kamba Mix Vol. 7", "Kamba Mix Vol. 7 MPYA", "Track 03" na "Track 03 (1)". Ni saa nzima ya nyimbo ishirini na kitu zimeshonwa bila mwanya, na jina pekee utakalosikia humo ni la DJ, analipigia kelele juu ya gita kila dakika mbili ndio usije ukasahau.

Mwaka jana nilisikia ngoma yangu mwenyewe ndani ya miksi kama hiyo. Nilikuwa kwenye matatu, kiti cha nyuma, tunatoka Makindu. Mdundo ni wangu, nilikesha nao wiki mbili. Sauti ni ya nyanya yangu, imeongezwa mwendo kidogo. Halafu jina la mtu mwingine likapigwa mayowe juu yake. Kondakta alikuwa anatingisha kichwa. Nilikuwa nafurahi na kukasirika kwa pamoja, lakini tulipofika Wote furaha ilikuwa imeisha.

Nitarudi kwa hiyo hasira. Kwanza turudi 1911, kwa sababu bila hapo hii stori ni ya kijana analilia faili.

Kama ulifanya Historia sekondari, labda unamkumbuka Syotune wa Kathukye. Vitabu humpa sentensi mbili, kisha vinakimbilia Mekatilili wa Menza na Giriama. Syotune alikuwa mwanamke wa Ukambani, mjane, aliyetumia ngoma ya kilumi kuwachochea watu dhidi ya utawala wa Mwingereza. Wakati huo Makueni ya leo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Haikuwa wilaya peke yake mpaka 1992. Kodi ya nyumba ilikuwa imeingia, ardhi imechukuliwa, machifu wameteuliwa na serikali. Watu walianza kucheza, wakapandwa, na wakaacha kutii. Baadaye mwanamume aitwaye Kiamba wa Mutuaovio alijiunga na kulipeleka vuguvugu upande wa siasa waziwazi. Serikali iliwakamata wote wawili ikawahamishia Kismayu, ambayo siku hizo ilikuwa chini ya Mwingereza huyo huyo.

Kwa wale hamjawahi kuiona: kilumi ni ngoma ya wanawake hasa, na hasa waliokomaa. Kuna ngoma kubwa, kithembe, na kuna sauti moja inayoongoza na nyingine zinajibu. Haina haraka ya kufika popote. Inazunguka palepale mpaka mwili wa mtu uache kubishana, halafu aimu, yaani mizimu, wanampanda na kusema wanachotaka. Ilichezwa kuomba mvua, ilichezwa mgonjwa akishindikana. Ukimwelezea mtu wa klabu za Berlin kwamba kuna muziki wa mdundo unaojirudia, unaochezwa mpaka watu watoke akilini, atakwambia anaujua, yeye huenda kila Jumamosi.

Sasa angalia jambo moja. Syotune tunamjua kwa jina kwa sababu aliogopwa. Kumhamisha mtu mpaka Kismayu kunahitaji karatasi, na karatasi inahitaji jina. Wanawake waliompigia ngoma, wale waliotengeneza ule mdundo aliousimamia, hawakupelekwa popote. Kwa hivyo hawako.

Ruka miaka sitini. Benga imetoka Nyanza, imepanda treni na mabasi, na vijana wa Ukambani wameichukua wakaifanya yao. Gita moja linashika chini, jingine linapanda juu kabisa na kuzunguka kama mtoto kwenye bembea. Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers ndio waliovuka mpaka wa lugha. Kakai aliimba pia Kiswahili, kwa hivyo santuri zake ziliuzwa hata kwa watu wasiojua neno la Kikamba. Alifariki 1987, bado kijana. Kalambya Sisters nao walikuja na zile sauti nyembamba na Katelina, wimbo ambao hadi leo ukichezwa kwenye harusi hakuna mama anayebaki kitini.

Lakini mimi mtu wangu ni Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Wajuzi wengine wanamwona wa kawaida mno, ati muziki wake ni dramu kubwa tu inagonga. Ndiyo! Inagonga, inagonga, haipumziki, haikuombi ruhusa. Miaka hiyo hiyo, kule Chicago, Frankie Knuckles alikuwa anacheza santuri kwenye klabu iitwayo Warehouse, iliyofunguliwa 1977. Inasemekana ndiko muziki wa house ulipopata jina, na mgongo wake ni dramu kubwa inayogonga kila pigo. Sisemi kwamba Mwambi alivumbua house. Tuna huo ugonjwa wa kudai kila kitu kilitoka kwetu kikaibwa. Hawa watu hawakujuana. Ninachosema ni kwamba kijana wa Kitui anayetengeneza muziki wa elektroniki leo hahitaji kuomba visa ya kiroho kwenda Detroit kutafuta mahali pa kuanzia.

Zile santuri ndogo za River Road zilikuwa na kitu ambacho flashi haina: karatasi katikati. Ilikuwa duara ya upana wa kiganja cha mtoto, na juu yake jina la wimbo, bendi, mtunzi, kampuni. Wimbo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, kwa hivyo utamu ulipokolea ulilazimika kuinuka na kugeuza. Kisha zikaja kaseti. Mtu alinakili kwenye redio ya deki mbili, akaandika kwa biro "Kikamba mchanganyiko", na majina nusu yakaisha hapo. Kisha CD za kuchoma, kisha flashi, na hapo majina yakaisha yote.

Sitaki kuwasema vibaya ma-DJ, hata yule wangu wa matatu. Bila miksi zao, mtu wa miaka ishirini na mbili angeisikia wapi Kyanganga Boys? DJ ndiye aliyeunganisha upande A na B, akaondoa ule mkato uliowasumbua wazazi wetu. Ndiye anayebeba benga ya zamani kutoka Mwingi hadi Emali na kuichanganya na waimbaji wa sasa, kina Ken wa Maria na Kativui, mpaka mtoto hajui ipi ni ya babu yake na ipi ni ya jana. Hiyo ni kazi ya maktaba. Tatizo ni kwamba ni maktaba iliyong'oa jalada la kila kitabu.

Majirani wameonyesha njia nyingine. Kule Gulu, Uganda, bendi za kucheza larakaraka kwenye arusi zilikuwa ghali, kwa hivyo Otim Alpha na prodyuza Leo Palayeng wakaihamishia ngoma ya Kiacholi kwenye kompyuta. Walifanya hivyo kwa sababu ya bajeti ya arusi, hakuna aliyekuwa anatafuta sifa za Ulaya. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa kazi hiyo kama Gulu City Anthems. Mwaka huo huo ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, muziki wa kasi ambayo moyo wa mtu mzima haukuumbiwa. Ile singeli ilikuwa tayari kwenye simu na vigodoro vya uswahilini miaka kadhaa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila wimbo ulikuwa na jina la mtu pembeni, na promota wa Ulaya akiupenda alijua amtafute nani. Vijana wa Mburahati wakapanda ndege.

Hapa Kenya, Slikback alianzia kwa jamaa haohao wa Kampala, akatoa Lasakaneku 2018. Na kuna KMRU, ambaye huwa namfikiria sana. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki 2018, na jina lao ni moja. Mjukuu anatengeneza muziki wa sauti tulivu, hauna hata mdundo wa kuchezea. Albamu yake Peel ilitoka 2020 na Editions Mego ya Vienna. Lakini pembeni amekuwa akizitoa upya santuri za babu yake mtandaoni, moja baada ya nyingine, zikiwa na majina yake. Ukambani hatujapata mjukuu wa namna hiyo. Ama tunaye na yuko busy anaandika "Track 03".

Sheria ipo, kwa njia. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inazipa kaunti jukumu la kusajili hizi sanaa. Ukitumia ngoma ya jamii kwa biashara unatakiwa upate idhini ya jamii. Jaribu kuwaza idhini ya jamii inaandikwaje pale unapokaa na simu chini ya mwembe.

Kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, nilirudi kwa mama Wote na laptopu ya mtumba. Siku moja nikaamua kwenda kwa susu, nyanya yangu, upande wa Mutomo. Siku hizi ni rahisi. Unafika Kibwezi, unashika ile lami mpya, unavuka mto Athi, Ikutha, na jua likiwa bado juu uko kwake. Nilijua alikuwa akicheza kilumi ujanani, kabla ya kuokoka.

"Unataka ya nini?" aliniuliza.

"Nitengeneze wimbo, Susu."

Alicheka. Kithembe hakikuwepo tena, hakuna aliyejua kilienda wapi. Jioni aliita wenzake wawili, akageuza mtungi wa maji wa lita ishirini, na wakaanza. Niliweka simu juu ya kigoda. Walirekodi dakika kumi na nne, na katikati kuna mbuzi.

Kwenye laptopu mambo yalikataa. Programu inagawa muda kwa mistari iliyonyooka, nne nne, na Susu alikuwa anahesabu tatu juu ya mbili, halafu anachelewa kidogo kwa makusudi kila akirudi mwanzo. Nilimvuta kwenye mistari, akawa kama mtu aliyevalishwa viatu vya shule. Mwishowe nikafanya kinyume: nikauacha mtungi kama ulivyo, na dramu yangu ya kompyuta ndiyo nikaisogeza kwa mkono, pigo moja moja, imfuate yeye. Wiki mbili. Nikaipandisha mtandaoni kwa jina "Kilumi 140", na pembeni nikaandika jina langu la kisanii.

Miezi minne baadaye ndiyo ile matatu. Nilifika nyumbani nikamwaga hasira yote kwa anti yangu, dada ya mama, aliyekuwa amekuja kututembelea. Nikamwambia mtu ameiba kazi yangu, hajaandika hata jina. Nikamchezea wimbo kwenye simu ndio aelewe ukubwa wa dhambi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua simu, akasogeza kioo karibu na macho.

"Mama yangu ameandikwa wapi hapa?"

Nilianza kumweleza mambo ya prodyuza na mmiliki wa rekodi. Nilijisikia nikiongea. Nikanyamaza.

Mwezi uliofuata nilirudi Mutomo na daftari. Nilifikiri hii ni sehemu rahisi: naandika majina matatu, nabadilisha ukurasa, natuma kitu kidogo kwa M-Pesa, naenda zangu. Susu alinitajia majina yake yote, hata lile aliloitwa kabla ya ubatizo, na akataka nisome tena ndio ahakikishe sijakosea. Wa pili naye alikubali, akauliza kama wimbo unaweza kuchezwa redioni siku ya soko. Wa tatu ndiye aliyekuwa ameongoza, ile sauti ya juu ambayo kondakta alikuwa akiitikia kwa kichwa. Yeye alikataa.

"Usiniandike," alisema. "Mimi ni wa kanisa. Wakisoma hapo kilumi na jina langu, nitajibu nini?"

Nilimwambia kwamba bila jina hakuna atakayejua ni yeye.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo nataka."

Pesa alipokea. Ukurasa wa wimbo sasa una jina la Susu kwanza, la jirani yake pili, langu la tatu. Kwa sauti inayoongoza nimeandika: mwanamke mmoja wa Kitui. Yule jamaa wa duka la flashi nimempelekea faili mpya yenye majina ndani yake. Aliinakili, akaipa jina "Kilumi MPYA", akaniuliza kama nina nyingine.