Bangi Marekani: jimbo linaruhusu, inchi inakataza

Familia nyingi hapa mashariki ya Kongo ziko na ndugu Marekani. Tangu mwaka 2016, kuna miaka mingi ambayo Wakongomani njo walikuwa wengi kupita wakimbizi wa inchi zingine wote waliopokelewa kule. Mumoja iko Kentucky, mwengine Texas, mwengine Idaho ao Maine. Wakipiga simu, kuna habari inayoshangaza wazazi: mu majimbo mengine bangi inauzishwa wazi mu duka. Muuzaji anaomba kitambulisho, anakata kodi, anatoa risiti. Hapa kwetu kitu kile kile kinaweza kukupeleka mu jela.

Lakini kusema «Marekani waliruhusu bangi» si kweli. Walioruhusu ni majimbo, moja moja. Inchi yenyewe bado inakataza. Na kati ya ruhusa ile na katazo ile, mugeni njo mutu anaweza kuumia zaidi. Tueleze namna mambo ilifika pale.

Sheria mbili juu ya kichwa cha mutu mumoja

Hapa Kongo, kode penale ni moja kwa inchi nzima. Bunge ya jimbo haiwezi kuamua kwamba kitu kilichokatazwa Kinshasa kinaruhusiwa Kivu ao Ituri. Marekani ni tofauti. Kila jimbo, yote 50, liko na katiba yake, bunge yake, polisi yake, tribinali zake na jela zake. Juu yao kuna serkali ya Washington, yenye sheria zake kwa inchi nzima.

Mwaka 1970, bunge ya Washington ilipitisha sheria kubwa juu ya dawa za kulevya. Bangi iliwekwa katika kikundi cha kwanza, pamoja na heroini. Ni kikundi cha dawa ambazo serkali inasema ziko na hatari kubwa na hazina kazi yoyote ya kuponya. Mwaka 1972, tume iliyowekwa kuchunguza mambo ya bangi ilishauri watu wasifungwe tena juu ya kiasi kidogo cha kuvuta. Raisi Richard Nixon alikataa.

Sasa, jimbo linawezaje kuruhusu kitu ambacho Washington inakataza? Jibu iko mu mambo mawili. La kwanza: katiba ya Marekani haiache Washington kulazimisha polisi ya jimbo itumikishe sheria ya Washington. La pili: watu wengi sana wanaokamatwa juu ya bangi wanakamatwa na polisi ya muji ao ya jimbo, si na maafisa wa Washington. Kwa hiyo jimbo likifuta azabu yake, kazi ya kukamata inabaki kwa maafisa wachache wa Washington, na hao hawawezi kufika kila nyumba. Katazo halikufa. Limekosa tu mikono.

Ilianzia kwa wagonjwa

Oregon ilikuwa jimbo la kwanza kupunguza azabu, mwaka 1973: mutu akishikwa na kidogo, analipa amande, haendi jela. Lakini mulango mukubwa ulifunguliwa California mwaka 1996. Wakati ule Sida ilikuwa inaua watu wengi San Francisco, na wagonjwa walisema bangi inawasaidia kurudisha hamu ya chakula na kupunguza maumivu. Wakaaji walipiga kura tarehe 5 Novemba 1996, na zaidi ya nusu wakasema ndiyo: mugonjwa mwenye ruhusa ya munganga asifungwe.

Washington haikukubali. Mwaka 2002, maafisa wake waliingia kwa Diane Monson, mugonjwa wa California, wakaharibu miche yake 6 ya bangi, hata kama sheria ya jimbo ilimuruhusu. Yeye na mugonjwa mwengine, Angel Raich, walipeleka serkali mu tribinali. Mwaka 2005, Korti Kubwa ya inchi ilikata maneno: majaji 6 juu ya 3 walisema Washington iko na haki ya kukataza hata bangi ambayo mutu amelima kwake nyumbani kwa dawa. Hukumu ile ni ya kukumbuka, maana mupaka leo njo musingi: ruhusa ya jimbo haifute katazo ya inchi.

Toka dawa mupaka starehe

Tarehe 6 Novemba 2012, majimbo mawili yalivuka mustari mupya. Colorado na Washington (jimbo la magaribi, si muji mukubwa wa inchi) walipiga kura kuruhusu mutu mwenye miaka 21 na zaidi kununua na kuvuta bila ugonjwa wowote. Gavana wa Colorado, John Hickenlooper, alikuwa anapinga, lakini kura ya raia ilimulazimisha kutii. Maduka ya Colorado yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014.

Kisha ilikuwa kama njia imefunguka: Alaska na Oregon mwaka 2014, California, Nevada, Massachusetts na Maine mwaka 2016, Michigan mwaka 2018, New York na Virginia mwaka 2021. Ohio ilikataa mwaka 2015, ikarudilia kura mwaka 2023 na kukubali, ikakuwa jimbo la 24. Zaidi ya hayo, karibu majimbo 40 yanaruhusu bangi kama dawa.

Namna watu wanafikiri iligeuka pia. Wakati shirika la Gallup liliuliza Wamarekani mwaka 1969, 12 tu kwa mia walisema bangi iruhusiwe. Mwaka 2023 walikuwa 70 kwa mia.

Kwa nini jimbo moja ndiyo, na jirani hapana?

Wengi wanazania ni siasa ya vyama tu: Wademokrate wanakubali, Warepublikani wanakataa. Kuna ukweli ndani, lakini haitoshi. Montana, Missouri na Ohio ni majimbo ambapo Donald Trump alishinda, na wakaaji wao waliruhusu bangi. Jambo kubwa ni hili: nani iko na haki ya kuleta sheria?

Karibu nusu ya majimbo, raia wenyewe wanaweza kukusanya sahihi na kupeleka sheria mu kura, bila kungojea wabunge. Majimbo mengi ya kwanza yalipita njia ile. Wanasiasa walikuwa wanaogopa kuitwa marafiki wa dawa za kulevya, basi raia wakawapita. Pahali haki ile haiko, kama Texas, kila kitu kinabaki mikononi mwa bunge na gavana. Vermont njo bunge ya kwanza kuruhusu bila kura ya raia, mwaka 2018. Illinois ilifuata mwaka 2019 kwa kupanga hata maduka na kodi.

Tena, kushinda kura si mwisho wa safari. Dakota ya Kusini, mwaka 2020, wakaaji zaidi ya nusu walikubali. Serkali ya gavana Kristi Noem ilisimama upande wa waliopinga mu tribinali, na Korti ya jimbo ikafuta kura ile: ilisema andiko moja lilichanga mambo mengi kupita namna katiba inaruhusu. Walipopiga kura tena mwaka 2022 na 2024, wakaaji walikataa. Mississippi vilevile walikubali bangi ya dawa mwaka 2020, lakini korti ikafuta mwaka 2021 juu ya kosa ya namna ya kuhesabu sahihi. Bunge yao ikapitisha sheria yake mwaka 2022. Florida, mwaka 2024, karibu 56 kwa mia walisema ndiyo. Lakini kule kubadilisha katiba kunaomba 60 kwa mia. Wengi walishinda, na walishindwa.

Hata ndani ya jimbo lililoruhusu, muji unaweza kufunga mulango. Colorado Springs, muji wa pili kwa ukubwa Colorado, ulikataa maduka ya bangi ya starehe miaka kumi na zaidi, mupaka kura ya mwaka 2024.

Wanaopinga wanasema nini

Si vizuri kusema wanaopinga ni watu wa zamani tu. Wako na maneno yao: bangi ya leo iko na nguvu kupita ya zamani, inaweza kuharibu akili za vijana ambao ubongo wao bado unakomaa, madereva wanaendesha wakiwa wamelewa, na kampuni kubwa zinataka faida kama vile za sigara. Wanganga wengi wanakubali hatari kwa vijana. Njo sababu majimbo yote yaliyoruhusu starehe yaliweka miaka 21.

Wanaounga mukono wanaleta hesabu ingine: nani alikuwa anafungwa? Chunguzi la shirika la haki za raia ACLU, la mwaka 2013, lilionyesha kwamba Weusi walikuwa wanakamatwa juu ya bangi karibu mara 4 kupita Weupe, hata kama wote wanavuta karibu sawa. Kwa hiyo Illinois, pamoja na kuruhusu, ilifuta dosie za polisi za mamia ya maelfu ya watu. New York ilitoa vibali vya kwanza vya maduka kwa watu waliowahi kuhukumiwa juu ya bangi, ao familia zao.

Na kuna feza. Colorado peke yake imekusanya zaidi ya dola miliari 2 za kodi tangu 2014, na sehemu ilijenga masomo. Lakini banki nyingi zinaogopa feza ya bangi sababu banki ziko chini ya sheria za inchi. Maduka mengi yanafanya kazi na makuta mukononi, na wezi wanajua.

Washington inafunga jicho moja

Mwaka 2013, serkali ya Barack Obama iliandikia waendesha mashitaka wake barua: wasisumbue majimbo yenye kupanga biashara vizuri. Mwaka 2018, waziri wa sheria wa Trump, Jeff Sessions, alifuta barua ile. Maduka hayakufungwa, lakini watu walielewa kwamba usalama wao ulikuwa karatasi tu. Mwaka 2022, Joe Biden alisamehe waliohukumiwa na tribinali za Washington juu ya kushikwa na bangi ya kuvuta. Musamaha ule ulikuwa wa raia na wenye karte ya makao ya kudumu. Mugeni asiye na karatasi hakuwa ndani. Mwaka 2024, serkali yake ilipendekeza bangi itoke kikundi cha kwanza iende cha tatu, na mwisho wa mwaka 2025 Trump aliagiza kazi ile iharakishwe. Tuelewane: kikundi cha tatu ni cha dawa za kuandikwa na munganga. Si ruhusa ya kuvuta.

Ndugu zetu wanasimama chini ya sheria gani?

Hapa njo tunafika kwa familia zetu. Mambo ya wageni yote, toka visa mupaka uraia, ni kazi ya Washington, si ya jimbo. Mkimbizi anaweza kuingia duka Denver, kununua kwa haki kadiri ya sheria ya Colorado, na kwa macho ya afisa wa uhamiaji amefanya kosa ya inchi. Haya ni ya kujua:

Hukumu juu ya dawa za kulevya inaweza kufukuzisha mugeni, hata mwenye karte ya makao. Kuna nafasi moja ndogo tu: kosa moja, ya kujitumikia mwenyewe, isiyopita gramu 30.

Hata bila hukumu, kukubali mbele ya afisa kwamba ulivuta kunaweza kuzuia karte ao uraia. Picha na maneno mu simu ao Facebook vinaweza kutumiwa vilevile.

Kazi pia. Mwaka 2019, ofisi ya uhamiaji iliandika wazi kwamba kufanya kazi katika biashara ya bangi, hata yenye kibali cha jimbo, kunaweza kumunyima mutu uraia. Hata kama kazi yake ni kupakia sanduku tu, ao kukata majani ya miche.

Madereva wa makamio, na ndugu wengi wanatafuta kazi ile, wanapimwa mukojo kadiri ya sheria ya inchi. Jimbo likiruhusu ao likikataza, ni sawa. Nyumba zinazosaidiwa na serkali ya Washington nazo zinaweza kukataa anayevuta.

Mwisho, mupaka. Boise, muji wa Idaho wenye Wakongomani, uko karibu saa moja kwa gari na Ontario, muji mudogo wa Oregon wenye maduka mengi ya bangi. Idaho inakataza kabisa, hata ya dawa. Unavuka muto Snake na pakiti mu gari, na kile ulinunua kwa risiti kimekuwa kosa mbele ya sheria mbili: ya Idaho na ya Washington.

Kwa hiyo, kama mutoto wako kule anakuambia «Mama, huku ni ruhusa», usimwite mwongo. Muulize swali moja tu: ni ruhusa ya nani? Kama bado hajapata uraia, kabla ya kugusa kitu kile, kukubali kazi yake ao kujibu afisa juu yake, aone kwanza avoka wa mambo ya uhamiaji. Mashirika mengi yanayopokea wakimbizi yanaweza kumuonyesha moja, wakati mwengine bila kulipa.