Nyabugogo: Je, dawa za kusafisha injini zinafaa kwa magari ya zamani?

Katika bonde la Nyabugogo, ilipo stendi kuu ya mabasi ya Kigali, gari linalolala gereji ni riziki inayokosekana nyumbani. Ndiyo maana chupa ndogo zinazouzwa kwenye maduka ya spea, kwa ahadi ya kusafisha injini bila kuifungua, huwavutia wenye magari yaliyotumika miaka mingi. Baadhi ya dawa hizo zina faida ya kweli. Nyingine, zikitiwa katika injini isiyostahili, huweza kuiharibu kabisa kwa safari moja.

Jibu la swali hili hutegemea mambo mawili: dawa inamiminwa wapi, na injini yenyewe iko katika hali gani.

Uchafu hutoka wapi?

Injini hukusanya uchafu wa aina mbili. Wa kwanza ni masizi na utando mgumu unaoachwa na petroli au dizeli kwenye nozeli, kwenye vali na juu ya pistoni. Wa pili ni tope jeusi la oili, linalojitokeza pale oili inapochelewa kubadilishwa, ikachakaa kwa joto na kuchanganyika na unyevu pamoja na masizi.

Mazingira ya Kigali huongeza mzigo huo. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 likilinganishwa na la pwani. Injini ya zamani ya dizeli isiyo na turbo, ambayo pampu yake haiwezi kujirekebisha kulingana na mwinuko, hupokea mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Matokeo yake ni moshi mweusi na masizi. Tena basi linaloelekea Musanze halikawii kuukabili mlima wa Shyorongi, na gari linalosubiri abiria huku injini ikinguruma kwa silensa muda mrefu halipati joto la kutosha kuchoma uchafu wake.

Dawa ya kutia kwenye tangi

Dawa inayochanganywa na petroli hufanya kazi mahali mafuta yanapopita. Zile zenye kemikali iitwayo polietaamini zimethibitika kulainisha na kuondoa utando kwenye nozeli na vali. Si jambo geni: Marekani ililazimisha tangu mwaka 1995 petroli yote inayouzwa nchini humo iwe na viungo vya kuzuia utando huo. Kwa gari la petroli linalotetemeka likiwa kwenye silensa au linalokula mafuta kuliko kawaida, chupa moja yenye kiwango kilichoelekezwa haina hatari kubwa na huweza kusaidia.

Hata hivyo, ina mipaka. Katika injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zilizoanza kuuzwa na Mitsubishi na Toyota nchini Japani mwaka 1996, mafuta hayapiti juu ya vali za kuingiza hewa. Dawa ya tangini haiwezi kuzifikia. Vali hizo husafishwa kwa mkono au kwa vifaa maalumu vya gereji.

Kwa magari ya dizeli, kosa linalogharimu sana ni kutia mafuta ya taa kwenye tangi kwa nia ya kusafisha. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Dizeli ya namna hiyo huongezewa viungo vya ulainishaji kiwandani. Kuipunguza nguvu kwa mafuta ya taa ni kuichosha pampu kabla ya wakati wake.

Dawa ya kutia kwenye oili

Hapa ndipo penye hatari. Dawa hii humiminwa katika oili kuukuu, injini huachwa ingurume kwa dakika chache bila gari kutembea, kisha oili yote humwagwa na kichujio kubadilishwa. Katika injini iliyotunzwa vizuri kazi hiyo hufanyika salama, ingawa injini kama hiyo haina haja kubwa ya dawa.

Injini iliyojaa tope ni jambo jingine. Dawa hubandua mapande ya uchafu kwa ghafula, nayo huteremka hadi kwenye chujio dogo la pampu ya oili, chini kabisa ya injini. Ni kama mvua kubwa inayozoa taka zote za mtaro kwa mara moja na kuziba daraja. Oili haipandi tena, bearing za shafti hukauka, na injini hukwama. Aidha, tope hilo wakati mwingine ndilo lililokuwa limeziba sili na gasketi zilizochakaa. Likiondoka, uvujaji hujitokeza.

Kutumia dizeli au mafuta ya taa badala ya dawa, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya, hakupunguzi hatari hiyo, bali huondoa hata ulainishaji mdogo uliokuwapo.

Moshi husema ukweli

Kabla ya kununua chupa yoyote, rangi ya moshi inafaa kuchunguzwa. Moshi mweusi huashiria mafuta mengi au hewa kidogo: kichujio cha hewa kilichoziba, au nozeli mbovu. Hapo dawa ya tangini huweza kusaidia, lakini kichujio hutangulia. Moshi wa samawati ni oili inayoungua kwa sababu ringi za pistoni au sili za vali zimechakaa. Moshi mweupe usiokoma, hata injini ikishapata moto, huweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, au dizeli isiyoungua. Hakuna dawa ya chupa inayorudisha chuma kilicholika.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Rwanda ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda ubora wa hewa, na mwaka 2025 ilianza awamu mpya ya kupima moshi wa magari. Gari lililofichiwa ugonjwa kwa oili iliyotiwa dawa ya kuifanya nzito huweza kupunguza moshi kwa siku chache, lakini ugonjwa hubaki palepale.

Njia iliyo salama

Kwa gari la zamani ambalo historia yake haijulikani, hatua ya kwanza ni kufungua kifuniko cha kutilia oili na kutazama upande wake wa ndani. Kikiwa na tope zito jeusi, dawa ya oili iepukwe. Kilicho bora ni kutia oili mpya ya daraja lililotajwa na mtengenezaji, kisha kuibadilisha pamoja na kichujio baada ya kilomita 2,000 au 3,000, na kurudia hivyo mara mbili au tatu. Oili nzuri ina sabuni yake ndani. Husafisha polepole, na kichujio hupokea uchafu kidogo kidogo. Penye tope jingi sana, fundi afungue sampu na kusafisha chujio la pampu kwa mkono.

Taa ya oili ikiwaka njiani, injini izimwe papo hapo, hata kama stendi imebaki mita mia.

Oili chafu inayomwagwa nayo ihifadhiwe kwenye galoni na kupelekwa kwa wanaoikusanya. Ikimwagwa kwenye mtaro wa gereji, huishia katika mto Nyabugogo, na kutoka hapo huingia Nyabarongo, ambao wakazi wengi wa mabondeni huutegemea kwa kilimo.