Mwaka wa Chuoni katika Nchi ya Wamwera

Mwalimu aliyepanda kutoka Kilwa au Lindi kwenda kusomesha watoto Kurani chuoni katika nchi ya Wamwera, kusini ya mto Mbwemkuru, ambako leo ipo kata ya Narung'ombe, alikuwa na hesabu mbili za mwaka kichwani mwake, nazo hazikupatana. Ya kwanza ni ya mwezi, yenye siku 354, ambayo kwayo hujulikana Ramadhani na Maulidi. Ya pili ni ya Nairuzi, yaani ya mwaka wa jua, ambayo watu wa mwambao huigawa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwayo mkulima hujua wakati wa kufyeka na wakati wa kupanda. Huko bara aliikuta ya tatu, isiyoandikwa popote, ya mvua na jembe. Basi kabla hajamwambia mtoto aseme alifu, ilimpasa azisuluhishe hesabu hizi, maana wanafunzi wake walikuwa watoto wa nyumba chache za jirani, wa kila umri, na wote wana kazi shambani.

Waalimu wa namna hii walizidi baada ya Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, vikaingia kwa Wamwera mwezi uliofuata, misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ikachomwa moto. Na vilipokoma, 1907, njaa ilikuwa imekwisha wamaliza watu wasiohesabika. Katika miaka iliyofuata Uislamu ulienea mashambani upesi kuliko zamani, hata 1908, ulipotokea Lindi waraka ulionenwa kuwa umetoka Makka, ukiwahimiza watu watubu kwa kuwa Kiyama kimekaribia, serikali ya Wadachi ikaingiwa na hofu ya kuzuka vita vingine. Wakausaka waraka ule kwa bidii, na huku barazani kwa waalimu mbao za watoto zikizidi mwaka hata mwaka.

Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha mti kilicholainishwa, chenye mahali pa kushikia. Ulipakwa udongo mweupe, ukisha kauka uliandikwa kwa kalamu ya mwanzi iliyochovywa katika wino wa masizi, na somo likishika moyoni, ubao ulioshwa ukaandikwa jingine. Juu ya jamvi moja mtoto wa miaka sita anapigana na herufi zake, bee fataha ba, bee kasra bi, bee dhamma bu. Ubavuni pake dada yake yumo katika kuunganisha. Na kaka yao, ambaye ndevu zamwanza, ameshaingia Juzuu Amma, inayosomwa kwa kuanzia sura fupi za mwisho wa Msahafu na kurudi nyuma. Kila mmoja asoma lake kwa sauti. Mpita njia husikia kelele tupu, lakini sikio la mwalimu, ambaye pengine mikono yake imeshughulika na ukili, hulichagua kosa moja katikati ya sauti ishirini. Yeye huwasikiliza wakubwa, na wakubwa huwasikiliza wadogo. Na mtoto aliyeitwa na jembe kwa miezi miwili hurudi akaanza pale pale alipouacha ubao wake, asiambiwe kuwa amechelewa, maadamu hapakuwa na msafara uliokwenda ukamwacha.

Mvua za Desemba zikishuka, chuo kilikuwa cha alfajiri au cha baada ya Isha, kwa mwanga wa moto. Mtama ukianza kuiva, watoto walikwenda kuamia ndege, wakashinda juu ya dungu, mdogo pamoja na mkubwa, na mwenye bidii akidurusu somo lake baina ya kundi moja la ndege na jingine. Masomo marefu yalingoja kiangazi, ghala zikiwa zimejaa. Ijumaa ni mapumziko. Alhamisi mtoto huja na ada yake. Na katika siku nyingine kulikuwa na kuni za mwalimu, maji ya mwalimu, na shamba la mwalimu, ambalo, tusifichane, wako waliolithamini kuliko khitima za wanafunzi wao. Ama Ramadhani ilizunguka: 1908 iliingia mwishoni mwa Septemba, ardhi imekauka na kazi ni haba, lakini 1933 iliandama tarehe 18 Desemba au karibu yake, saumu na jembe kwa pamoja, na mpango wa zamani wa mwalimu ukawa haufai tena.

Kiangazi hicho hicho ndicho kilichodaiwa na jando. Kwa kuwa kumbi haliwekwi bila ya chakula, nalo halikuwekwa kila mwaka, ngariba alipokea mwaka mmoja watoto waliopitana kwa miaka mingi, wakatoka wote rika moja. William Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi 1926, aliitambua nguvu ya jando mapema. Tangu 1913 misheni yake ilikuwa na jando lake la Kikristo.

Shule ya serikali ilikuja na mwaka uanzao Januari, yaani palizi linapowadia, na ikataka watoto wapangwe kwa umri ambao wazazi hawakuuandika. Dawa yake ilikuwa kumwamuru mtoto apitishe mkono juu ya utosi na kushika sikio la upande wa pili: aliyelifikia aliingia, mwenye mkono mfupi akarudi nyumbani. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa kusoma awe shuleni ifikapo 1977, ndilo lililoifikisha shule hiyo kila kijiji.

Siku hizi jando na unyago hungoja likizo ya Juni au ya Desemba, na chuo hungoja kengele ya mchana. Ubao umekuwa daftari. Lakini jamvi ni lile lile: binti wa darasa la sita amsikiliza mdogo wake, mwenye sare bado mwilini, na mwalimu akilisikia kosa, hutaja neno lililo sahihi pasipo kuinua kichwa.